Thomas Edison: Mwanagenzi wa Waya Aliyeinasa Sauti

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtu ni watu. Hata hivyo, pindi masimulizi ya wavumbuzi yanapoanza, hekima hii husahaulika upesi. Tumezoea kusikia kwamba Thomas Alva Edison alikuwa mtoto aliyeonekana mjinga shuleni, akajifungia peke yake na chupa zake za kemikali, kisha siku moja akauletea ulimwengu taa ya umeme kana kwamba ilimdondokea kutoka mbinguni. Masimulizi ya namna hii hupendeza masikioni, ila hayatufunzi mengi. Mwanafunzi anayeyaamini hukaa akingoja kipaji kimshukie. Kisipomshukia, hukata tamaa.

Makala haya yanakusudia kuyafuata maisha ya Edison tangu kuzaliwa kwake mwaka wa 1847 hadi mwaka wa 1882, alipowasha taa za mtaa wa kibiashara jijini New York. Mpenzi msomaji ataona kwamba Edison alikuwa mwanagenzi kwa muda mrefu kabla ya kuwa mjasiriamali, na kwamba kilichomwinua hakikuwa kipaji pekee. Kulikuwa na watu waliomfunza, kulikuwa na kosa moja lililomgutusha, na kulikuwa na tabia aliyoipata kutokana na kosa hilo: kuuliza ni nani anayekihitaji kitu kabla ya kukiunda. Aidha, sisi wasomi wa Kiswahili tuna sababu yetu ya kumtazama kwa makini. Miongoni mwa vyombo alivyoviunda, kimoja kinahusu lugha moja kwa moja, nacho kilibuniwa na mtu aliyekuwa nusu kiziwi.

Kuzaliwa na Malezi

Edison alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Babake, Samuel, alikuwa amekimbia kutoka Kanada baada ya kushiriki maasi ya mwaka wa 1837 ambayo hayakufua dafu. Mamake, Nancy Elliott, aliwahi kuwa mwalimu. Mji wa Milan ulikuwa umestawi kwa sababu ya mfereji uliotumiwa kusafirishia nafaka, lakini reli ilipojengwa kupitia kwingine, biashara yake ilizorota. Mwaka wa 1854 familia ilihamia Port Huron katika jimbo la Michigan. Hivyo basi, hata kabla ya kutimiza miaka minane, mtoto huyu alikuwa amekwisha kuonja namna teknolojia mpya inavyoweza kuuinua mji mmoja na kuudidimiza mwingine.

Edison alihudhuria shule kwa muda mfupi tu. Mwalimu wake alimwona kuwa mzito wa akili. Mamake alighadhibika, akamwondoa na kumfunza mwenyewe nyumbani. Hapa ndipo masimulizi ya kawaida yanapopotoka. Edison hakujifunza bila mwalimu. Alifunzwa na mtu aliyeijua kazi ya ualimu, ila darasa lilikuwa na mwanafunzi mmoja. Nancy alimsomesha historia na fasihi, kisha akamkabidhi kitabu cha sayansi kilichotungwa na Richard Green Parker. Kitabu hicho kilieleza majaribio ambayo msomaji angeweza kuyafanya kwa mikono yake. Kijana aliyajaribu moja baada ya jingine, na chumba cha chini cha nyumba yao kikajaa chupa.

Kijana wa Garimoshi

Mwaka wa 1859, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, Edison alianza kuuza magazeti, matunda na peremende katika garimoshi lililosafiri kila siku kati ya Port Huron na Detroit, mwendo wa takriban kilomita 100. Aliondoka asubuhi na kurudi usiku. Garimoshi lilipotua Detroit kwa saa kadhaa, aliutumia muda huo kusoma vitabu. Katika behewa la mizigo aliruhusiwa kuweka vifaa vyake vya kemia, na mwaka wa 1862 aliweka humo pia mtambo mdogo wa kupigia chapa, akawa anatoa kijigazeti chake mwenyewe kilichobeba habari za stesheni na za watu wa njia ile.

Katika miaka hiyo hiyo uwezo wake wa kusikia ulianza kufifia. Alipokuwa mtu mzima alitoa maelezo tofauti tofauti kuhusu chanzo cha tatizo hilo, lakini jambo moja halina shaka: tangu ujana hadi kifo chake aliishi akiwasikia watu kwa shida.

Mwezi wa Aprili 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, yalitokea mapigano makali ya Shiloh ambamo zaidi ya watu 23,000 waliuawa, walijeruhiwa au walitoweka. Kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, Edison aliuona umati uliokusanyika mbele ya ubao wa habari mjini Detroit, akang'amua kwamba hali ingekuwa hiyo hiyo katika kila stesheni. Alimwomba mpiga telegrafu atangulize muhtasari wa habari ile kwenye stesheni za mbele, zibandikwe mahali pa wazi. Kisha akaomba nakala 1,000 za gazeti kwa mkopo, ilhali kwa kawaida alichukua chache mno. Garimoshi liliposimama, watu walimngoja kwa pupa. Katika kila stesheni aliipandisha bei, na nakala zote zikaisha.

Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi wa werevu wake wa kibiashara, na ni kweli kwamba kilimfundisha mambo mawili: kwamba habari ni bidhaa, na kwamba mwenye waya huitangulia safari. Hata hivyo, msomaji mwenye utu hawezi kukipita bila kujiuliza swali. Wanunuzi wale walikuwa na wana na ndugu vitani. Je, ni haki kuipandisha bei ya habari mbele ya wazazi waliojawa na hofu? Swali hili tulihifadhi, kwani litarudi.

Uanagenzi wa Waya

Mwaka huo huo wa 1862, katika stesheni ya Mount Clemens, Edison alimwokoa mtoto mdogo aliyekuwa akichezea relini huku behewa likimjia. Mtoto huyo alikuwa mwana wa mkuu wa stesheni, James MacKenzie. Baba huyo hakuwa na mali ya kumtuza, lakini alikuwa na ujuzi. Alijitolea kumfunza kijana yule kazi ya telegrafu.

Inafaa tukumbuke kwamba neno letu simu lina asili ya Kiajemi, nalo lilimaanisha waya. Kabla ya kutumiwa kwa chombo cha kuzungumzia, lilitumiwa kwa ujumbe uliopigwa kwa mapigo. Kwa hivyo mpigaji simu wa zama hizo alikuwa mtu wa lugha. Alisikiliza mapigo mafupi na marefu, akayageuza kuwa herufi, herufi akaziunga kuwa maneno, na maneno akayaandika upesi kabla mengine hayajamfikia. Kwa Edison, uziwi uligeuka faida katika kazi hii. Kelele za ofisi hazikumfikia. Alichokisikia vyema ni mlio wa chombo kilichokuwa mbele yake.

Kuanzia mwaka wa 1863 aliishi maisha ya kuhamahama, akifanya kazi katika miji mingi, ikiwemo Indianapolis, Cincinnati, Memphis na Louisville. Hakuwa mfanyakazi wa kupigiwa mfano. Huko Stratford nchini Kanada, wapiga telegrafu wa zamu ya usiku walitakiwa kutuma ishara kila saa ili kuthibitisha kwamba hawajalala. Edison alitengeneza kifaa kilichoituma ishara hiyo chenyewe, naye akalala usingizi wa pono. Huko Louisville alikuwa akifanya majaribio ya betri usiku, asidi ikamwagika, ikapenya sakafuni na kuiharibu meza ya mkubwa wake chumba cha chini. Kesho yake hakuwa na kazi.

Visa hivi vinachekesha, lakini vinatuonyesha pia jinsi alivyosoma. Kwa miaka mitano alishika mitambo ya kila aina, akajua inaharibikia wapi, akawajua watu wanaoitumia na mambo yanayowaudhi. Hakuna chuo ambacho kingempa elimu hiyo.

Kosa la Boston

Mwaka wa 1868 Edison aliwasili Boston na kuajiriwa na kampuni ya Western Union. Huko alijipatia maandishi ya Michael Faraday kuhusu umeme. Faraday alikuwa mwana wa mhunzi wa Kiingereza, aliyeanza maisha kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu, naye alieleza majaribio yake bila kumlundikia msomaji hesabu ngumu. Edison alimpata mwalimu wake wa pili ndani ya kurasa hizo. Mapema mwaka wa 1869 aliiacha ajira ili awe mvumbuzi wa kudumu.

Tarehe 1 Juni 1869 alipewa hataza yake ya kwanza. Ilihusu mtambo wa kuhesabu kura bungeni. Kila mbunge angebonyeza kitufe kwenye kiti chake, na mtambo ungeorodhesha mara moja waliokubali na waliokataa. Ulifanya kazi barabara. Ulipoonyeshwa Washington, ulikataliwa katakata. Wabunge hawakutaka kura iende haraka. Polepole ile ile ya kuitwa majina ndiyo iliyowapa nafasi ya kushawishiana na kuuchelewesha mswada wasioupenda. Edison alikuwa ameutibu ugonjwa ambao wagonjwa wenyewe waliupenda.

Hili ndilo kosa lililomgutusha. Alitoka hapo akiwa ameapa kwamba hatapoteza tena muda wake kwa kitu kisichotakiwa na mtu. Ukweli ni kwamba muuza magazeti wa garimoshi alikuwa akilijua somo hili tangu siku za Shiloh, ila mvumbuzi alikuwa amelisahau. Tangu siku hiyo watu hao wawili waliishi ndani ya mwili mmoja.

Kupanda Ngazi

Mwaka huo wa 1869 Edison aliingia New York akiwa na madeni. Mhandisi mmoja, Franklin Pope, alimruhusu alale katika chumba cha betri cha kampuni iliyowatumia madalali bei ya dhahabu kwa waya. Husimuliwa kwamba mtambo mkuu uliharibika akiwa pale, watumishi wa madalali wakamiminika kwa zogo, naye akaiona springi iliyokatika na kuanguka kati ya magurudumu. Aliitoa, mtambo ukafufuka, akaajiriwa. Punde si punde yeye na Pope walianzisha kampuni yao ya uhandisi wa umeme.

Alijikita katika kuboresha mitambo ya kuchapa bei za soko la hisa, kwa kuwa sasa alijua ni nani wanaoihitaji na wako tayari kulipa kiasi gani. Malipo aliyopata yalimwezesha kufungua karakana mjini Newark, New Jersey. Mamake hakuishi kuuona ufanisi huo ukikomaa. Alifariki mwezi wa Aprili 1871. Tarehe 25 Desemba mwaka huo huo Edison alimwoa Mary Stilwell, msichana wa miaka kumi na sita aliyekuwa akifanya kazi katika mojawapo ya kampuni zake. Watoto wao wawili wa kwanza aliwabandika majina ya utani yaliyotokana na alama fupi na alama ndefu za telegrafu. Mkewe alipata shida kumwona nyumbani, maana mara nyingi alilala karakanani. Mary alifariki mwaka wa 1884 akiwa bado kijana.

Mwaka wa 1874 Edison alikamilisha mtambo ulioweza kupitisha jumbe nne kwa wakati mmoja katika waya mmoja, mbili kila upande. Western Union ndiyo iliyokuwa imemsaidia kuuendeleza, lakini ilipochelewa kumlipa, aliuza haki zake kwa tajiri Jay Gould, hasimu wa kampuni hiyo, kwa dola 30,000. Kesi zilivuma mahakamani kwa miaka. Hapa linarudi swali letu la Shiloh. Akili ile ile iliyotambua upesi kile ambacho watu wanakihitaji, ilitambua upesi vilevile namna ya kufaidika na uhitaji huo. Tukimsifu kwa la kwanza, haifai tulifumbie macho la pili.

Kijiji cha Uvumbuzi

Mwaka wa 1876 Edison alihamia Menlo Park, kijiji kidogo cha New Jersey. Babake mzee ndiye aliyesimamia ujenzi wa maabara. Jambo hili, kwa maoni yetu, ndilo uvumbuzi wake mkubwa kuliko wote: nyumba iliyokusudiwa kuzalisha uvumbuzi kama kiwanda kinavyozalisha nguo. Aliahidi kutoa kitu kidogo kila siku kumi na kitu kikubwa kila miezi sita.

Hakuwa peke yake. Alikuwepo Charles Batchelor, Mwingereza mwenye vidole vyepesi vya kushughulikia vitu vidogo vidogo. Alikuwepo John Kruesi, fundi mitambo kutoka Uswisi, aliyeweza kutazama mchoro mbovu na kuunda chombo kizima. Baadaye walijiunga Francis Upton, mwanahisabati, na Ludwig Boehm, Mjerumani aliyepuliza vioo. Walifanya kazi usiku, wakala pamoja usiku wa manane, kisha wakaimba kwa kinanda kikubwa kilichowekwa mwisho wa chumba. Batchelor alipewa fungu la mapato. Lakini umma ulilijua jina moja tu, ukamwita mchawi wa Menlo Park. Uchawi haukuwepo, palikuwa na ushirika.

Mwaka wa 1877, Edison akishughulikia kifaa cha kurudia mapigo ya telegrafu na wakati huo huo akiboresha sauti ya simu ya kuzungumzia, alipata wazo. Ikiwa mapigo yanaweza kuchorwa juu ya karatasi na kurudiwa, kwa nini sauti ya mtu isichorwe? Alichora kifaa, Kruesi akakiunda: mcheduara wa shaba uliofungwa karatasi ya bati, wenye sindano inayotetemeshwa na sauti. Edison alikikariria wimbo mdogo wa watoto, akakizungusha tena, nacho kikamrudishia maneno yake. Desemba mwaka huo kilionyeshwa New York, na tarehe 19 Februari 1878 kilipata hataza. Ili kukisikia vizuri, kiziwi huyu alikuwa akikiuma ubao wa chombo kwa meno, mtetemo umpandie kichwani kupitia mifupa.

Mwaka wa 1879 timu hiyo ilipata uzi wa pamba uliochomwa ukawa makaa, ukawaka ndani ya kioo kisicho na hewa kwa zaidi ya saa kumi na mbili. Taa za umeme zilikuwepo kabla yake, na huko Uingereza Joseph Swan alikuwa akifuata njia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba Edison hakuiuza balbu pekee. Alifikiria jenereta, nyaya za chini ya ardhi, mita na swichi, kwa kuwa mteja hahitaji balbu, anahitaji mwanga. Tarehe 4 Septemba 1882 kituo chake cha mtaa wa Pearl kilianza kuzalisha umeme, kikiwahudumia makumi ya wateja. Muuza magazeti wa Port Huron alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano.

Hitimisho

Edison alifariki tarehe 18 Oktoba 1931 akiwa amepata hataza 1,093 nchini Marekani. Idadi hiyo husomwa kwa mshangao, lakini sisi tungependa msomaji aondoke na jambo dogo zaidi.

Mwezi wa Juni 1878 Edison alichapisha makala yaliyoorodhesha kazi ambazo fonografu ingeweza kufanya. Alitaja barua za sauti, vitabu vya vipofu na muziki. Alitaja pia kuhifadhi lugha kwa kunasa matamshi halisi ya wasemaji wake. Kisha alikiweka chombo hicho kando kwa takriban miaka kumi, akaenda kuutafuta mwanga. Chombo kilikuwa tayari; aliyekosekana ni mtu mwenye swali la kukiuliza.

Watu hao walikuja. Mwaka wa 1890 Jesse Walter Fewkes alikitumia kunasa nyimbo na masimulizi ya Wapassamaquoddy, wenyeji asilia wa Maine. Mwaka wa 1906 Mjerumani Karl Weule alifika na fonografu kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, akanasa nyimbo za watu wa huko, na sauti hizo zikasafirishwa hadi Ujerumani. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye santuri, teknolojia ya sahani iliyobuniwa na Emile Berliner kufuata nyayo za fonografu. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti, alikuwa akimwandika mtu ambaye sauti yake ilikuwa imekwisha kumshinda mauti.

Leo kila mwanafunzi wa Kiswahili ana kinasa sauti mfukoni, ndani ya simu ile ile yenye jina la waya. Wazee wanaozijua tenzi, ngano na lahaja zetu wangali wapo, ingawa wanapungua mwaka hadi mwaka. Edison aliyaanza mafanikio yake siku alipojifunza kuuliza ni nani anayekihitaji kitu. Nasi chombo tunacho. Swali limebaki kwetu, na wa kuulizwa hawatatungoja.